Muhammad Hassan, Mwitaliano wa New York

Bulla Iftin kulikuwa na kibanda cha video cha mabati, CD za kopi kutoka Eastleigh. Adhana ya magharibi ikilia, Abti anazima jenereta. Tunakimbia msikitini, tunarudi mikono bado ina maji ya udhu. Jioni moja tulirudi tukamkuta kwenye skrini jamaa wa kilemba amepiga magoti, ameinua mikono kama anaomba dua, na wanaume watano waliofunika nyuso wakamvamia Undertaker. Kibanda kizima kilikuwa upande wa Undertaker. Sisi, watoto wa madrasa, tulimzomea Muhammad Hassan mpaka sauti zikakauka.

Hassan mwenyewe alikuwa Marc Copani, Mmarekani wa asili ya Kiitaliano kutoka Syracuse, New York.

Ujanja huo WWE waliurithi. Zamani mieleka ya kulipwa Marekani iligawanywa kimikoa, kila promota na eneo lake, na mashabiki ni walewale kila wiki. Kwa biashara kama hiyo unahitaji adui asiyehitaji maelezo. Detroit walikuwa na The Sheik, yaani Ed Farhat, mzaliwa wa Lansing, Michigan, wa familia ya Wakristo wa Lebanon. Alipiga magoti kwenye mkeka kabla ya pambano, na kampuni ilikuwa yake mwenyewe, kwa hivyo pesa za kuzomewa ziliingia mfukoni mwake. James Harris hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1982, kule Memphis, Jerry Lawler na Jerry Jarrett walimchukua huyu mtu mweusi wa Mississippi, wakamchora nyota na mwezi mwilini, wakamwita Kamala, jitu kutoka Uganda, eti aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Hakupewa neno la kusema. Tarehe 29 Agosti 1992 alipigana na Undertaker mbele ya umati wa Wembley. Baadaye aliendesha malori, kisukari kikamla miguu yote miwili, akafariki Agosti 2020.

Hassan alipewa maiki, na hapo ndipo nasimama naye. Alipotokea mwisho wa 2004, lalamiko lake lilikuwa moja: yeye ni Mmarekani, lakini tangu Septemba 11 anaangaliwa kama mshukiwa. Nimezirudia hotuba zile nikiwa mtu mzima. Jamaa anaongea ukweli na ukumbi unamzomea kwa sababu ni ukweli. Mimi nimeshushwa basi kwenye daraja la Tana, kitambulisho mkononi, wengine wamekaa tu ndani wakingoja tumalizane. Aprili 2014 watu wetu walijazwa Kasarani. Sijui filamu gani ya Kenya ya miaka ile iliyosema kitu hicho waziwazi kama mieleka ya uongo ilivyosema.

Halafu waandishi wakaogopa mtu wao wenyewe. Kipande cha wale watano kilirekodiwa tarehe 4 Julai 2005, kikarushwa tarehe 7, siku London ilipolipuliwa. Uingereza walikikata. Kituo cha UPN kikamkataa Hassan, na tarehe 24 Julai Undertaker akamtupa akatoboa jukwaa. Basi, kwisha.

Mashabiki wengi bado wanalaumu tarehe mbaya. Mimi sikubali. Kosa lilikuwepo tayari tarehe 4, London ikiwa shwari. Ukishamzungushia Hassan watu wa barakoa, huna haja ya kujibu alichokuwa anasema. Umewapa waliomshuku haki yao. Afadhali hata Kamala, ambaye hakuna aliyejifanya anamsikiliza.

Copani aliacha mieleka, baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule.

Jioni ile Abti peke yake hakupiga kelele. Alikuwa mlangoni anahesabu sarafu, akatupa jicho kwenye skrini, akauliza huyu anaomba akielekea wapi. Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tunasubiri Undertaker ainuke.