Maandishi ya Kunywewa

Mwalimu haanzi na kalamu. Anatia udhu, anakausha mikono, kisha anaipangusa sahani ndani na ukingoni, kwa kuwa alama ya kidole chenye mafuta huufanya wino ukimbie. Sahani ni ya kaure nyeupe, haina ua wala mchoro.

Zafarani imelowekwa katika marashi tangu alfajiri. Ni nyuzi chache, maana ni ghali na Kasongo, mashariki mwa Kongo, iko mbali na bandari zote. Waandishi wengi wa kombe, yaani maandishi haya ya kunywewa, siku hizi wanatumia rangi ya chakula. Yeye anazikamua nyuzi kwa mgongo wa kijiko, anachovya kalamu na kujaribu tone moja kwenye ukucha. Likitiririka, anangoja wino ukolee zaidi.

Kalamu ni mwanzi mwembamba mkavu. Ncha imekatwa mshazari kwa kisu kidogo, ikapasuliwa katikati mpasuko mfupi unaoshika wino. Kabla ya kila neno, midomo yake inatangulia: analisoma, ndipo analiandika. Bismillahi, Fatiha, kisha Ayatul Kursiyyu inayozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kaure hainywi wino kama karatasi, kwa hiyo herufi hukaa mbichi na kiganja hakina pa kuegemea. Mkono wa kulia unabaki hewani. Wa kushoto unaizungusha sahani kidogo kidogo. Nukta zinakuja mwisho. Herufi moja ikichafuka, anaosha sahani nzima, anamwaga maji chini ya mti pasipokanyagwa na mtu, na kuanza upya.

Elimu hii ilipanda bara pamoja na misafara ya pwani. Tippu Tip, mfanyabiashara Mwarabu-Mswahili wa Zanzibar, alifika Kasongo mwaka 1875 na kuifanya makao yake. Misafara yake ilibeba pembe na ilibeba watumwa, na hilo halifutiki. Jeshi la Dhanis, afisa Mbelgiji wa Dola Huru ya Kongo, liliuteka mji Aprili 1893, utawala wa Waarabu ukavunjika, lakini Kurani iliendelea kusomwa. Baadaye ikaja tarika ya Kadiria kutoka upande wa Tanganyika, tarika ambayo Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki 1909, alikuwa ameieneza sana pwani.

Maandishi hunywewa kwingine pia. Huko China, Watao wa njia ya Mabwana wa Mbinguni, inayosimuliwa kuwa iliasisiwa na Zhang Daoling mwaka 142, nao huandika hirizi kwa brashi, huzichoma, na majivu yake hunywewa katika maji. Imani hizo mbili hazikaribiani. Sahani ya Mwalimu ina maneno ya Mungu mmoja tu, na hata hivyo wapo Waislamu wanaoikataa kazi yake. Ninachokiheshimu mimi ni uangalifu huu wote kwa andiko ambalo hakuna atakayelisoma.

Wino ukishakauka, anamimina maji kidogo kutoka ukingoni na kuiinamisha sahani huku na huku. Mistari inaachia, maji yanageuka manjano, anayatia katika chupa. Mgonjwa atakunywa asubuhi, na Mwalimu anamwagiza asiache dawa za hospitali. Bei hataji, mtu hutoa alichojaliwa.

Mwanafunzi wake mkubwa bado hajaruhusiwa kugusa sahani. Anaandika Fatiha kwenye ubao, anafuta, anaandika tena. Hati yake ni nzuri, lakini bado anaegemeza kiganja.