Matofali ya Blantyre

Kwa mbali, Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote mjini Blantyre, Malawi, ni kanisa kubwa la enzi za wamisionari kama mengine mengi: matofali mekundu, minara mbele, madirisha marefu yenye matao. Usogee mpaka uweze kuugusa ukuta ndipo utaona kazi ilipo. Matofali hayalingani. Hili limekatwa pembe mshazari, lile lina tumbo la mviringo, jingine limesinyaa upande mmoja ili likae kwenye tao bila kulazimishwa. Wanaolisimulia jengo hili hutaja maumbo 81 ya matofali.

Themanini na moja! Aliyewahi kufyatua matofali ya nyumba ya vyumba vitatu anajua jinsi kalibu moja tu inavyoweza kumtoa mtu jasho. Udongo unachimbwa, unamwagiwa maji, unakanyagwa na kugeuzwa mpaka mabonge yote yaishe na mchanganyiko uwe laini, usiwe rojo. Mafundi wengi wa ukanda huu hupenda udongo wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameshauchekecha. Kalibu inaloweshwa au kunyunyiziwa mchanga, udongo unatupwa ndani kwa nguvu ili ufike kwenye pembe zote, unakatwa juu, kalibu inanyanyuliwa. Tofali linabaki chini, bichi, likisubiri kivuli na upepo. Ukiliweka juani linapasuka. Ukilifunika kwa nyasi nzito mno halikauki ndani, na siku ya moto litalipuka.

Hilo ni tofali la kawaida, lenye unene mmoja. Tofali lenye umbo lina balaa jingine. Sehemu yake nyembamba hukauka mapema na kuanza kusinyaa wakati sehemu nene bado ina maji, na hapo ufa huanza palepale zinapokutana. Likinusurika kivulini, linakwenda kwenye tanuru la kuni, ambako moto hauna usawa. Yaliyo karibu na mdomo huungua kupita kiasi na kupinda. Ya pembezoni hutoka yakiwa na rangi ya maboga, na mvua ya misimu michache huyala. Kwenye ukuta wa kawaida fundi huokota jingine na kuendelea. Kwenye tao, likikosekana tofali la umbo namba fulani, hakuna mbadala: unarudi kufyatua, unasubiri tena. Kwa hiyo kila idadi unayoiona ukutani ina nyuma yake yaliyoharibika ambayo hayaonekani.

Aliyelibuni jengo hili, Mchungaji David Clement Scott wa Kanisa la Uskoti, ambalo ni la Kipresbiteri, hakuwa msanifu majengo. Walioliinua walikuwa vijana wa vijiji vya jirani ambao hawakuwahi kujenga kitu cha namna hiyo, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Kazi ilianza 1888 na kanisa likafunguliwa Mei 1891. Inasimuliwa kwamba sehemu ngumu hazikutegemea mchoro: matofali yalipangwa kwanza makavu, bila chokaa, yakatazamwa, yakapanguliwa, yakapangwa upya mpaka macho yaridhike, ndipo chokaa ikachanganywa. Huo ndio ufundi ninaoustahi kuliko minara yenyewe. Mchoro humpa fundi amri. Matofali makavu humpa nafasi ya kubisha. Kijana aliyelishika tofali akaona halikai aliweza kulionyesha, na jambo likazungumzwa kabla halijawa ukuta.

Labda ndiyo sababu jengo lina uhuru ambao kwenye makanisa ya kuagizwa huuoni. Minara miwili ya mbele haifanani. Kuna matao yaliyochongoka ya Ulaya ya kale, kuna kuba linalomkumbusha mtu wa pwani misikiti na majumba ya mashariki, na vyote vimeishi pamoja bila ugomvi. Mpresbiteri wa msimamo mkali angeweza kuguna, kwani mapokeo yake hupenda ukuta mweupe na mimbari, na jina la malaika mlangoni si jambo la kawaida kwake. Scott aligunwa kweli, tena sana, na watu wa kwao waliomwona ana mapenzi ya kupita kiasi na ibada za madoido.

Lakini kabla ya ukuta palikuwa na ushirika, na ushirika huo ulianza vibaya. Misheni ya Blantyre ilianzishwa 1876. Henry Henderson ndiye aliyechagua mahali, akiongozwa na mkalimani wake Tom Bokwito, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Lovedale, Afrika Kusini. Pakaitwa Blantyre kwa heshima ya mji aliozaliwa David Livingstone. Miaka mitatu tu haijapita vizuri, wamisionari walikuwa wamejifanya serikali: wanahukumu, wanachapa viboko, na 1879 mtu akauawa kwa hukumu yao. Habari zilipofika Uskoti zikawa aibu ya kanisa zima. Mchungaji Duff Macdonald na wenzake wakaondolewa, na 1881 akaja Scott kuokota vipande.

Alikuta kundi dogo ambalo lilikuwa na kila haki ya kumshuku. Hakulianzishia jengo. Miaka saba ilipita kati ya kufika kwake na jiwe la kwanza la kanisa, na muda mwingi wa miaka hiyo aliutumia kusikiliza: kamusi yake nene ya Kimang'anja, iliyotoka 1892, imejaa maelezo ya desturi, mazungumzo na fikra ambayo hayapatikani kwa kukaa ofisini. Mwenzake Alexander Hetherwick alifika 1883 na mwaka uliofuata akafungua kituo Domasi kwa ajili ya Wayao. Mulanje ikafuata 1890. Vijana waliosoma Blantyre walipelekwa huko kufundisha, na kati yao Scott akateua mashemasi katika miaka ya 1890, baada ya kuwafunda kwa muda mrefu. Mungo Chisuse alikuwa mpiga chapa na mpiga picha. John Gray Kufa alisomea kazi ya tiba. Joseph Bismarck alitokea Quelimane, pwani ya Msumbiji. Ushirika ulikua kama kazi za mikono zinavyokua, kila aliyejua akimshika mkono asiyejua, na mtu hawezi kutenganisha darasa la katekisimu na karakana.

Hapa ndipo sifa zangu zinapopungua. Tofali bichi lina haki ya kusubiri. Mashemasi wale walikuwa wameshaiva, na bado walisubirishwa. Scott aliondoka Blantyre 1898, afya imeyumba na wapinzani wamemchosha, na wachungaji wa kwanza Waafrika hawakuwekewa mikono hadi 1911, miaka 35 tangu misheni ianze. Kuta zilikamilika kwa miaka mitatu. Kufa hakuwa mmoja wa waliowekewa mikono. Alijiunga na uasi wa John Chilembwe wa 1915 dhidi ya utawala wa kikoloni na akanyongwa. Sisemi kuwa ucheleweshaji ndio uliompeleka huko. Nasema tu kwamba waliomwamini kushika dawa na kuhubiri kijijini walikuwa na muda wa kutosha kumwamini zaidi.

Wasomaji wa Kenya wanamjua Scott bila kujua wanamjua. Mwaka 1901 alipelekwa kuiongoza misheni ya Waskoti ya Kikuyu, Thogoto, ambayo ilikuwa imehamia hapo 1898 kutoka Kibwezi, na ambako Thomas Watson alikuwa amefariki 1900. Mkewe, Minnie Watson, alibaki akifundisha watoto mpaka 1931. Kundi la Thogoto lilikuwa dogo mno: ubatizo wa kwanza wa Mkikuyu ulikuwa 1907, mwaka uleule Scott alipofariki. Huko hakuacha kanisa la kuba. Aliacha desturi ya kufunza kazi za mikono sambamba na kusoma, na ni katika misheni hiyo kijana Kamau, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Jomo Kenyatta, alijifunza useremala. Wachungaji wa kwanza Wakikuyu wa misheni hiyo, Musa Gitau na Benjamin Githieya, waliwekewa mikono 1926. Kasi ileile ya Blantyre.

Waliowekewa mikono Blantyre mwaka 1911 walikuwa Stephen Kundecha na Harry Kambwiri Matecheta. Matecheta aliingia misheni akiwa kijana mdogo, akapelekwa miaka ya 1890 kufungua kazi Panthumbi, katika nchi ya Wangoni, akawa shemasi, kisha mchungaji. Alipozeeka aliandika kwa lugha yake mwenyewe habari za mwanzo wa misheni ya Blantyre, na kitabu kikachapishwa 1951. Ushirika uliokuwa ukisimuliwa kwa barua za kwenda Edinburgh ukawa sasa na mzee wa nyumbani wa kuusimulia.