Kukosa na Kupungukiwa: Istilahi Moja ya Saratani ya Ini

Miongoni mwa tafsiri za kitabibu tulizozipitia, istilahi haipoksia imefasiriwa kuwa "kukosa hewa". Tafsiri hii ni nyepesi kutamkika, lakini inapotosha, na upotoshaji wake hudhihirika zaidi katika maelezo ya saratani ya ini.

Kwanza, hewa si oksijeni. Oksijeni ni kama sehemu 21 tu katika kila sehemu 100 za hewa. Pili, msomaji aonapo "kukosa hewa" hufikiri habari za mapafu, akadhani kwamba mtungi wa oksijeni ungetosha kumponya mgonjwa. Kumbe kinachopungukiwa ni uvimbe wenyewe: seli zake huongezeka upesi kuliko mishipa ya damu inayozilisha.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kukosa si kupungukiwa. Seli iliyokosa oksijeni kabisa hufa. Iliyopungukiwa yaweza kuishi ikawa sugu: huita mishipa mipya, huelekea kusambaa, nayo mionzi huidhuru kwa shida, hata ikahitaji kipimo kinachokaribia mara tatu ya kile cha seli yenye oksijeni ya kutosha. Ndiyo sababu upungufu huo huhesabiwa kuwa dalili mbaya kwa mwenendo wa ugonjwa. Ni kwa kueleza jinsi seli zinavyoutambua upungufu wa oksijeni na kuukabili kwamba William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Tofauti hiyo yagusa tiba pia. Ini lenye afya hupata takriban robo tatu ya damu yake kwa mshipa mkubwa utokao matumboni, bali uvimbe hutegemea zaidi ateri. Daktari huiziba ateri inayoulisha uvimbe ili unyimwe damu, ufe. Lakini seli zitakazosalia katika upungufu zaweza kuurudisha ugonjwa. Mfasiri akiyaita yote mawili "kukosa hewa", mgonjwa ataelewaje kwamba tiba ile ile yaweza kuua sehemu ya uvimbe na kuichochea nyingine?

Twapendekeza haipoksia iwe "upungufu wa oksijeni katika tishu", na anoksia iwe "ukosefu wa oksijeni". Lugha yetu imekwisha kulizoea neno upungufu katika "upungufu wa damu". Istilahi ndefu iliyo sahihi yafaa kuliko fupi impotezayo mtu anayetakiwa kutia sahihi ya kukubali tiba.