Nabongo Mumia na Msomaji wa Marachi

Kitabu cha John Osogo, Nabongo Mumia of the Baluyia, chastahili heshima kwa kumwandikia wasifu mtawala huyo wa Wanga. Hata hivyo anwani yake, yaani “Nabongo Mumia wa Waluyia”, ina dai kubwa: kwamba mfalme huyu alikuwa wa wote. Hapo msomaji wa Marachi, jirani wa Wanga, analazimika kusita.

Sababu za kumtukuza Mumia zipo. Aliipokea misafara ya Waswahili na, mwaka 1883, msafiri Joseph Thomson. Akaishi hadi 1949. Lakini cheo cha chifu mkuu alipewa na Waingereza mwaka 1909, na jamaa zake wakawekwa kuwatawala majirani, kama Mulama huko Marama. Tena jina la Waluyia lilienea kama jina la umoja katika miaka ya 1930 na 1940. Kulitanguliza hadi 1909 ni kuuvika wakati uliopita vazi lililoshonwa baadaye.

Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), alimtahadharisha msomaji kwamba mhusika wake ni wa kubuni, si yule wa historia hasa. Wasifu nao wahitaji tahadhari ya namna hiyo. Mtu wa Butula aweza kuistahi busara ya Mumia kwa wageni bila kukiri kwamba alikuwa mfalme wa babu zake. Atakayemwandika Mumia kwa Kiswahili asimnyime sifa. Abainishe tu ni nani amsifuye, na kwa nini.