Mguu Unaomba, Injini Haijibu

Kiswahili kinasema "kanyaga mafuta", na kwenye gari la dizeli usemi huo ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani. Katika injini ya petroli, mguu hufungua njia ya hewa, mafuta yakafuata hesabu yake. Katika dizeli, mguu huomba mafuta yenyewe. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka ikawa na joto kali, dizeli ikanyunyizwa humo na kuwaka bila cheche ya plagi. Rudolf Diesel alifanikisha injini ya namna hiyo mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na msingi wake ndio uleule hadi leo.

Kilichobadilika ni safari ya ombi.

Kwenye Hilux za zamani zenye injini za 2L, 3L au 5L, kanyagio huvuta kebo, kebo ikavuta mkono wa pampu. Gari likikosa nguvu, fundi humwambia kijana wake akanyage hadi chini, yeye akiangalia kama ule mkono umefika mwisho. Kebo iliyolegea huonekana kwa macho. Lakini kwenye Hilux ya injini ya 1KD, ya lita 3, kanyagio hutuma umeme kwenye kompyuta, kompyuta ikaiagiza pampu, pampu ikajaza dizeli kwenye reli moja, na nozeli zikafunguka kwa amri ya umeme. Presha ndani ya reli hiyo ni kama baa 300 gari likiwa silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa, na hupita 1,000 linapovuta mzigo. Tairi la gari hilohilo linatumia baa 2 au 3. Ombi la mguu sasa linapita meza nyingi kama faili la kiwanja, na ufundi wenyewe ni kujua limekwama meza gani.

Chukua pikapu iliyonunuliwa mkononi mwa mtu, ikafikishwa kwenye moja ya gereji za Gerezani, Dar es Salaam. Dereva anasema, "Fundi, hii gari haivuti. Nakanyaga, inawaza kwanza ndiyo inaondoka. Mlima Kitonga nimepanda na gia mbili kama nimebeba kontena." Fundi mzuri hakimbilii boneti. Anauliza: "Inaanza asubuhi ikiwa baridi, kaka, au mpaka ipate moto? Ilikuja ghafla au polepole? Moshi wake ukoje?"

Swali la moshi lina uzito. Moshi mweusi mzito unasema mafuta yapo ila hewa haitoshi, hivyo macho yaende kwenye filta ya hewa, tabo na mipira yake. Gari lisilo na nguvu wala moshi mara nyingi linasema mafuta hayafiki. Kabla spana haijashikwa, nusu ya washukiwa wameshapungua.

Kisha mashine ya kusoma kodi za makosa huchomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi. Hapa ndipo mafundi wanapotengana. Mmoja husoma kodi, akataja spea, mteja akatumwa dukani. Hiyo ni kupiga ramli, hata kama ramli yenyewe ina kioo cha rangi. Kodi ya presha ndogo ya reli inaweza kuzaliwa na pampu iliyochoka, nozeli zinazovujisha, vali ya pampu inayoganda, au filta ya dizeli iliyoziba tu. Mwingine huichukua kodi kama neno la shahidi mmoja, akaenda kutafuta wengine. Hupima volti za kanyagio, ambalo ndani yake mna sensa mbili zinazochungana: mguu unaposhuka taratibu, namba zote mbili zipande taratibu bila kuruka. Zikipishana, kompyuta inapunguza nguvu ili gari lisimkimbie dereva. Hufunga kipande cha mpira angavu kwenye njia ya dizeli, akatazama kama mapovu ya hewa yanapita.

Na kwa ile pikapu, ikiwa moshi wake ni mweusi, anatazama mpira unaotoka kwenye tabo. Kwa nje ni mzima. Anaziba ncha zake, anaingiza upepo kidogo wa kompresa, anapaka maji ya sabuni kwa brashi. Sekunde chache hakuna kitu. Halafu chini, pale klipu ilipoukaba mpira kwa miaka, povu linaanza kuvimba, dogo kama punje ya mtama, linapasuka, linavimba tena. Ufa huo umejificha gari likiwa silensa, na unafunguka tabo inaposukuma hewa kwa nguvu, yaani palepale dereva anapohitaji nguvu. Mashine isingeuonyesha. Vidole, sabuni na subira vimeuonyesha.

Kosa jingine hutoka kwenye kituo cha mafuta. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya presha kubwa, na ikichanganywa na mafuta ya taa, ulaini huo hupungua na vyuma husagika. Uchakachuaji huo ndio ulioifanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta nchini Tanzania mwaka 2010. Kwa hiyo fundi makini humwaga dizeli kidogo kutoka chini ya filta kwenye chupa nyeupe, akaiacha itulie. Maji yakiwemo, yatakaa chini yenyewe.

Ufundi huu unastahili heshima kuliko unavyopewa. Mteja hukubali kulipia pampu ya bei mbaya bila kulalamika kwa kuwa anaiona na kuishika, lakini akiambiwa kosa lilikuwa ufa kwenye mpira, hushangaa kudaiwa pesa ya saa mbili za kutafuta. Hizo saa mbili ndizo zilizomwokolea bei ya pampu. Msomaji mwenye pikapu, siku fundi akikurudishia gari linaloitika mguu wako na mkononi ameshika kipande cha mpira uliopasuka, usimpunje. Mlipe kazi ya kupima kama unavyolipa spea.