Linda Ronstadt na Wasikilizaji Wake

Wapenzi wa Linda Ronstadt, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa Tucson, Arizona, mwaka 1946, huzirudia santuri zake za zamani kama watu watafutao mahali ufa ulipoanzia. Mwaka 2013 alitangaza kuwa maradhi ya Parkinson yamemnyima uwezo wa kuimba. Baadaye waganga walitambua kuwa ni ugonjwa mwingine wa ubongo unaofanana nayo. Kilichopotea, basi, ni amri ya ubongo juu ya misuli iendeshayo sauti.

Usikilizaji huo wa majonzi, ingawa chanzo chake ni mapenzi, humdhulumu msanii. Katika Canciones de Mi Padre ya mwaka 1987, alipoimba kwa Kihispania nyimbo za Kimeksiko zilizopendwa nyumbani kwao, hamna msiba wa kutafutwa. Mna pumzi ndefu, sauti ipandayo ghafula bila ya kupasuka, na neno lisilomezwa na zeze wala tarumbeta. Sifa hizo zingestahili kutajwa hata kama angali akiimba. Mwenyewe, katika kitabu chake Simple Dreams kilichotoka mwaka huo huo wa 2013, alisimulia muziki, na maradhi akayaacha nje ya kurasa.