Nani alisema damu ya vena ni chafu?

Mchoro wenyewe unaujua. Mtu amesimama, moyo katikati ya kifua, mabomba mekundu yanakwenda na ya buluu yanarudi. Kwenye daftari lako la baiolojia kulikuwa na sentensi yake: ateri hubeba damu safi, vena hubeba damu chafu. Ukaikariri, ukapata alama zako, ukaenda zako.

Hebu leo tuuchambue huo mchoro pamoja na sentensi yake.

Mema kwanza. Rangi mbili zinakuonyesha haraka kwamba damu ina njia ya kwenda na njia ya kurudi. Si jambo dogo hilo. Kabla William Harvey hajachapisha kitabu chake mwaka 1628, madaktari wa Ulaya walifuata mafundisho ya Galen, kwamba ini hutengeneza damu na mwili huitumia ikaisha, kama shamba linavyonywa maji ya mfereji. Harvey alionyesha kuwa damu ileile inazunguka. Mchoro unalisema hilo bila maneno mengi.

Tatizo ni neno "chafu". Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni. Vena ni mshipa unaoirudisha. Basi, usafi haumo kwenye maana. Ateri ya mapafu inatoka moyoni na damu yenye oksijeni kidogo, na vena za mapafu zinarudi na damu iliyojaa oksijeni. Mchoraji makini hugeuza rangi hapo, lakini sentensi ya daftari inabaki palepale, na mwanafunzi anaambiwa akariri kwamba mapafu ni "tofauti na kanuni". Mbona ukishika maana sahihi hakuna tofauti yoyote ya kukariri?

Sasa twende kwenye figo. Ateri ya figo inaingiza damu yenye urea, figo linachuja, vena ya figo inatoka na urea pungufu. Yaani kwa kipimo cha urea, ile ya buluu ndiyo safi zaidi! Vena inayotoka utumboni kwenda kwenye ini nayo imebeba sukari na virutubisho vya chakula ulichokula. Uchafu uko wapi?

Hata oksijeni haijaisha. Ukiwa umetulia, damu inayorudi moyoni bado ina takribani asilimia 75 ya oksijeni inayoweza kubebwa na hemoglobini yake. Wala si ya buluu. Ni nyekundu iliyokolea. Ule ubuluu au ukijani unaouona kwenye mishipa ya mkono unatokana na jinsi mwanga unavyopenya ngozi na kurudi machoni pako.

Utasema, hayo ni maneno tu. Si maneno tu. Fikiria uchangiaji damu. Sindano inaingia kwenye vena, pale mbele ya kiwiko, na kutoa kama mililita 450. Hiyo ndiyo damu anayoongezewa mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua. Kama ya vena ni chafu, tunampa nini? Na aliyeamini shuleni kwamba nusu ya mabomba yake yana uchafu, atakataaje akiambiwa atolewe damu ili "asafishwe"? Anayepigwa chuku kwa imani hiyo anatolewa damu ileile yenye chembe zilezile nyekundu, na kama tayari ana upungufu wa damu, anapunguziwa zaidi. Kazi ya kuondoa taka inafanywa na figo, ini na mapafu, saa zote, bila wembe.

Kiswahili kinatuambia kupiga chuku ni kuumika, na pia ni kutia chumvi kwenye habari. Sentensi ya daftari imepiga chuku ya aina ya pili.

Mchoro tusiuchane. Tuongeze mishale inayoonyesha damu inaelekea wapi, tuandike pembeni kwamba rangi ni alama tu, na badala ya "safi" na "chafu" tuseme "yenye oksijeni nyingi" na "yenye oksijeni kidogo". Mwalimu unayesoma hapa, hayo unaweza kuyafanya kesho kwa chaki. Na wewe mwenye mdogo wako yuko shule, fungua daftari lake leo uone limeandikwaje.